Jembe Sijashika

Paulina alinipigia simu mwezi uliopita kunialika kwenye send-off, sherehe ya kumuaga binti yake wa mwisho anayeolewa, na kabla sijamaliza kusema hongera akaniambia, "Dada Vero, usipokuja nitajua umezeeka kweli." Mimi naye! Magoti yangu yanalia kila nikiinuka, na moyo wangu siku hizi unameza vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni, lakini kuambiwa nimezeeka na mtu niliyemfundisha kupaka rangi ya kucha, hilo sikulikubali. Nikapanda basi kutoka Babati, nikashuka Mbulu mjini, nikala chapati tatu na supu kwa sababu nilikuwa nimetoka bila kunywa chai, kisha nikawakatalia vijana wa bodaboda wote, nikajitwisha kilo kumi za mchele wa zawadi, nikakipanda kile kilima cha kanisa kwa miguu, na upepo wa baridi ukinichapa usoni. Haraka ya nini, hata sijui. Nilipofika nilipumzika kidogo kwenye ua wa manyara nikijifanya natazama mahindi, kisha nikaingia sebuleni, nyumba ile ile aliyokulia Paulina. Viti vilikuwa vipya na televisheni ilikuwa pana kama mlango, lakini ukutani, kwenye msumari ule ule, lilining'inia blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Nikakaa chini bila kukaribishwa. Nililijua blanketi lile.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule tuliolala tukiwa watu wa Arusha tukaamka watu wa Manyara, na hakuna aliyehama hata kitanda. Nilikuwa mwanafunzi wa uganga wa hospitali, bweni la chuo limejaa, kwa hiyo nilipanga chumba kwa baba yake Paulina, Mzee Tluway. Mzee alikuwa ameendesha kombaini, mashine ile kubwa ya kuvunia, miaka yote kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, mpaka serikali ilipoanza kuyauza na wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Akarudi nyumbani na redio moja, begi moja, na tabia ya kuinamisha sikio kila gari likipita, anakuambia ni nini kitaharibika ndani yake wiki ijayo. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao, na mbao zile zilikuwa na nyufa za kutosha, kwa hiyo mambo ya nyumba ile niliyajua yote, hata yale ambayo wenyewe walidhani wamenong'ona. Mama Paulina alipika makande Jumatatu, Jumanne, na siku nyingine zilizobaki, na Jumapili tulikula ugali kwa maziwa mgando ili tusiseme tunaonewa. Nilinenepa mwaka ule. Na kama si mbao zile, nadhani nisingekuwa tabibu.

Nasema hivyo kwa sababu nilianza mwaka kwa kufeli. Mwalimu wetu wa magonjwa ya ndani tulimwita Miwani, maana alivaa moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Kwenye mtihani wa mdomo aliniuliza ni mambo gani yanayoamua msuli wa moyo uhitaji oksijeni kiasi gani. Nikayatiririsha yote kwa Kiingereza, bila kuvuta pumzi, mpaka nukta za kitabu nadhani nilizitamka. Akakubali kwa kichwa. "Vizuri. Sasa mama ana ndoo ya maji kichwani, anapanda mlima, asubuhi ya baridi. Nieleze habari za moyo wake." Nikafikiri sana. "Unachoka, mwalimu," nikasema. Akashusha miwani ya juu, akavaa zote mbili, akanitazama. "Umekariri kama kasuku, binti. Tafuta moyo mmoja, ukae nao mwaka mzima. Desemba uje unieleze bila kitabu." Nilikwenda kulia nyuma ya choo, kisha nikala maandazi.

Moyo wenyewe ulikuwa nyumbani na sikuuona. Kila akirudi kutoka kanisani Mzee Tluway alisimama kwenye ua, mkono mmoja umeshika mti, mwingine umekunja ngumi kifuani, macho kwenye mahindi. Nilidhani anayapenda mahindi. Kwetu mwanaume hasemi anaumwa. Anasimama na kutazama shamba mpaka maumivu yaone aibu yaondoke. Siku moja ngumi ile haikushuka, jasho likamtoka kwenye baridi, tukampeleka hospitali akibisha njia nzima. Daktari akasema mishipa inayoulisha moyo imebana, akampa vidonge, akamwambia, "Mzee, kazi nzito basi." Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwa watu wetu, ambao tangu kuumbwa wanalima kwenye miteremko, kazi nzito ni moja tu, nayo ina mpini. Jioni ile aliita familia yote sebuleni, akaleta jembe lake, akamkabidhi Mama Paulina kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi ofisi. "Kuanzia leo," akasema, "mimi jembe sishiki." Na kweli, hakulishika tena mpaka anakufa.

Kesho yake tu alirudi na ngumi kifuani. "Shikamoo, baba. Ulifanya nini?" "Marahaba. Jembe sijashika." Nilipochunguza, kumbe alikuwa amemvusha ndama mtoni, mabegani. Ndama si jembe. Wiki iliyofuata alikula mabakuli matatu ya makande, akapanda kilima katikati ya upepo kwenda kununua betri za redio. "Jembe sijashika, mwanangu." Siku nyingine nilimkuta amelala chali kitandani baada ya chakula, kifua kinambana, na hapo alinikasirikia kabisa. "Nimelala! Mtu aliyelala amefanya kazi gani? Andika hiyo kwenye daftari lako, waulize walimu wako." Niliandika. Nilimchukia kidogo kwa kunionyesha nisichokijua.

Lakini hakuna kilichomkamua moyo kama Mzee Gwandu. Huyu alikuwa jirani yetu, na kati ya mashamba yao ulikuwa ua wa manyara, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe. Mzee Tluway aliapa kwamba ua ule unatembea. Kila masika unasogea hatua moja kuingia kwake, na Gwandu ndiye miguu yake. Redio ilipotangaza jina la mkoa mpya ndipo balaa lilipozidi. Niliwasikia kupitia nyufa zangu. "Umesikia? Mkoa mzima umepewa jina la ua wangu," alisema Mzee Gwandu. "Ua wako? Nani alipanda?" "Aliyeutunza." "Aliyeusogeza! Ngoja, ukiachiwa mkoa huu utausogeza mpaka Singida!" Nikatoka na saa yangu, nikamshika Mzee mkono, nikahesabu mapigo. Moyo ulikuwa unakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Mwezi Mei posa ya Paulina ilikamilika na harusi ikapangwa Julai, na hapo mchezo ukaisha. Kwetu padri hubariki asubuhi kanisani, lakini alasiri nyumbani mzee husimama na kutoa slufay, baraka yetu ndefu ya Wairaqw, mstari kwa mstari, na watu wote wanaitikia. Mzee Tluway ndiye aliyekuwa bingwa wake upande ule wote. Alibariki mabinti wa watu wengine miaka thelathini, hata enzi za Basotu kila akija likizo, amesimama, fimbo juu, sauti inafika ng'ambo ya bonde. Paulina alikuwa binti yake wa pekee. Daktari aliposikia akasema hapana, inaweza kumuua. Usiku huo huo nilimsikia Mama Paulina akisema taratibu, "Basi atoe Gwandu. Baada yako yeye ndiye anayeijua." Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Mzee, ndogo, ya mtu aliyeshindwa. "Mtoto wangu abarikiwe na mwizi wa mpaka? Heri nife katikati ya mstari." Paulina alikuwa amekaa kitandani kwangu. Aliniangalia akasema, "Dada Vero, wewe si unasomea mambo haya? Fanya kitu."

Nilikwenda kwa Mzee asubuhi na daftari langu, nikaanza kumsomea mambo ya kitabu. Akanisikiliza kwa heshima mpaka nikajichosha mwenyewe. Kisha akauliza, "Unaniambia moyo ni mashine, una mafuta yake, siyo?" Nikasema ndiyo, oksijeni. "Na maumivu ni pale unapodai mafuta mengi kuliko yanayofika." Ndiyo, baba. "Sasa mbona unazunguka? Kombaini inakula mafuta kwa mambo manne. La kwanza, ukiikimbiza." Nikatazama daftari. Gwandu! Mapigo. "La pili, ukiilazimisha ikamate kwa nguvu zaidi." Hasira tena, na ndama pia, msuli unajikamua kwa nguvu. "La tatu, ngano yenye umande. Mabua yanagoma kupita, mashine inasukuma mpaka inalia." Nikaruka kwenye kigoda. "Presha, baba! Baridi inabana mishipa mwilini, moyo unasukuma mahali pasipotaka kupita. Ndiyo ile siku ya betri!" "Na la nne, tanki la nafaka likijaa, mashine imebeba mzigo na bado unaitaka itembee." Hapo nikaiona siku aliyolala chali. Mtu akilala, damu ya miguuni inarudi kifuani kwa wingi, chumba cha moyo kinajaa, kuta zinatanuka, na kila mkamuo unakuwa mzito. Yale maneno niliyoyakariri kwa Kiingereza yakaja yakakaa moja moja, kila neno na siku yake na bakuli lake la makande. Mzee alinitazama akakunja uso. "Na bomba langu la mafuta limebana." "Limebana, baba." "Basi yule daktari alinitajia kazi nzito ya nini? Angeniambia hivi, ningeelewa siku ile ile."

Tukaanza kupatana, na nawaambia, mahari ya Paulina ilikuwa rahisi kuliko mapatano yale. Kidonge cha chini ya ulimi kabla ya kuanza, sawa. Kile kinapunguza damu inayorudi, kinapunguza tanki, alikikubali kifundi. Tulikijaribu Jumamosi moja, na kwa sababu hasikii la mtu alikiweka akiwa amesimama, kizunguzungu kikamshika, akakalia sufuria la makande. Baada ya hapo hatukubishana tena kuhusu kukaa wakati wa kidonge. Blanketi, kwa ajili ya baridi, alikubali akisema ni la urembo. Kubariki kabla ya chakula, si baada, alikubali baada ya kuhesabu mara mbili ni wageni wangapi watamchukia. Kunyamaza kidogo baada ya kila fungu, mpaka nimwinulie kitambaa cheupe, alinung'unika lakini akapita. Ila kukaa wakati wa baraka yenyewe, hapo alisimama, na hakukaa. "Baraka ya kukaa inafika wapi, mwanangu? Inaishia magotini!" Tulibishana wiki nzima. Aliyetumaliza ni Mama Paulina, akiwa anachambua maharage. "Padri alipovunjika mguu alisoma misa amekaa miezi mitatu," alisema bila kuinua macho. "Mungu hakulalamika." Mzee akatoka nje kuangalia mahindi. Aliporudi akaomba kigoda kirefu.

Julai ikafika na upepo wake. Wageni walijaa uani mpaka kwenye ua wa manyara, harufu ya pilau inawapita puani, na hakuna anayepakuliwa. Nilisikia mama mmoja wa upande wa bwana harusi akiuliza kama kwetu watu hushiba kwa maneno. Mzee Gwandu nilimkalisha nyuma kabisa ya Mzee wetu, ili wasitazamane, maana sura ile peke yake ilikuwa na mapigo thelathini ndani yake. Mzee akakaa, kidonge kikayeyuka, blanketi la kijivu mabegani, akaanza. Mvua inyeshe taratibu isibebe udongo. Tukaitikia, eee. Ng'ombe wazae majike, na majike wasikose maziwa. Eee. Fungu la kwanza likaenda, akanyamaza, nikainua kitambaa. La pili likaenda. Nikaanza kujisifu moyoni, mjinga mimi. Kwenye fungu la tatu, lile la binti na nyumba yake mpya, alimwona Paulina amefunika uso analia, na mapatano yetu yote yakafa. Akainuka nusu, mikono ikapanda, sauti ikafika ng'ambo ya bonde kama zamani, na blanketi likaanguka vumbini. Upepo ukampiga. Akakatika katikati ya mstari. Ngumi ikaenda kifuani.

Kijijini kwetu baraka iliyokatika ni mbaya kuliko isiyoanzishwa. Nilisikia minong'ono ikianza upande wa wakwe, na Paulina akaacha kulia, akawa ametoa macho tu. Mimi nilikuwa na kopo la vidonge mkononi na kati yetu kulikuwa na shangazi wasiopungua ishirini. Ndipo Mzee Gwandu akasimama. Watu wote tukajua anakwenda kumalizia. Akainama, akaokota blanketi, akalikung'uta, akamkalisha mwenzake na kumfunika, kisha akabaki nyuma yake ameshika ncha zote mbili zisianguke. Nilifika nikiwa nimemkanyaga kila mtu. "Chini ya ulimi, baba." Nikashika mkono wake nikahesabu, na uwanja mzima ukawa kimya, hata watoto. Baada ya muda nikamsikia Mzee akinong'ona bila kugeuka, "Ukishika blanketi, ua unaenda wapi?" "Leo ua umelala," alisema Gwandu. "Malizia, mwenzangu. Nikimalizia mimi, watasema nimesogeza na baraka." Mzee akacheka. Nilikuwa nimeshika mkono wake, kwa hiyo naweza kuwaapia kwamba moyo ule ulishuka mwendo vidoleni mwangu, polepole, mpaka ukawa wa mtu mzima aliyetulia. Nikainua kitambaa cheupe. Akamaliza akiwa amekaa, kwa sauti ya chini, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Wengi walisema hawajawahi kuisikia baraka ile vizuri kama siku ile. Mimi nililia nikala pilau sahani mbili.

Desemba nilimweleza Miwani yote, ndama, betri, tanki la nafaka, Gwandu, bila kitabu. Alivua miwani zote mbili akazifuta. "Umefaulu," alisema, "ila kwenye karatasi ya serikali usiandike kombaini." Mzee Tluway aliishi miaka mingine mingi, akamzika Gwandu na kumlilia kuliko watoto wa marehemu walivyomlilia, akafa na miaka zaidi ya themanini, amekaa kwenye kigoda juani, redio inaongea. Sikuweza kufika msibani, nilikuwa zamu mbali, na jambo hilo bado linaniuma.

Basi mwezi uliopita nilikaa uani pale pale, alasiri, njaa inaanza kuuma watu, na mtoto wa Gwandu, sasa naye ni mzee mwenye mvi, akaletwa kutoa slufay. Akakaa kwenye kigoda kirefu. Akatoa pipi ndogo nyeupe mfukoni, akaiweka chini ya ulimi. Nikakaza macho. Likaletwa blanketi la kijivu kutoka kwenye msumari, na kaka mkubwa wa Paulina, ambaye hasalimiani na mtoto wa Gwandu tangu masika kwa sababu ya ua, akaja akasimama nyuma yake, amenuna, ameshika ncha mbili. Pembeni yangu kijana alikuwa anarekodi kwa simu. "Mwanangu," nikamwuliza, "mbona mzee amekaa?" "Shikamoo, mama. Ni mila. Baraka ya kusimama haifiki, inaishia hewani." "Na ile pipi?" "Ya kulainisha maneno. Zamani mababu walitumia asali." "Na huyo wa blanketi?" "Huyo lazima awe mtu mliyegombana. Kama huna, kamati inakutafutia." Alisema kwa upole sana, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Fungu la tatu likafika, la binti na nyumba yake mpya. Katikati ya mstari, pale pale, mtoto wa Gwandu akakatika, akanyamaza, na uwanja mzima ukanyamaza naye, watu wanangoja kitu ambacho hawakijui. Mbele kabisa msichana mmoja alikuwa ameshika kitambaa cheupe magotini. Nilimwona Mzee Tluway kabisa, nikasikia mkono wake ndani ya mkono wangu, na machozi yakanitoka bila aibu. Ndipo nikagundua kwamba ngumi yangu iko kifuani, na kwamba imekuwapo tangu kule kwenye ua, tangu kilima, mchele, chapati na ule upepo. Paulina akainama sikioni mwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Dada Vero. Ulifanya nini?"

"Jembe sijashika," nikamwambia.

Akanitazama, akacheka huku analia, akapapasa mkoba wangu mpaka akalipata kopo, akaniwekea kidonge chini ya ulimi kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akavua kitenge chake, akanifunika mabegani, akasimama nyuma yangu ameshika ncha mbili, mpaka kitambaa cheupe kilipoinuka na watu wote tukaitikia.